Kompyuta za nyumbani hazionani: anza na waya kabla ya kuigusa Windows

Mama mdogo anafundisha tuisheni nyumbani kwake. Sebuleni ana kompyuta ya mezani iliyojaa mitihani na notsi za miaka mingi, chumbani kuna ya binamu yangu, na laptopu moja huzunguka nyumba nzima. Printa ni moja. Seva hakuna wala haihitajiki. Ruta imekaa juu ya kabati la chumbani, kebo inapita darini hadi kwenye swichi ndogo ya matundu matano nyuma ya televisheni, kile kisanduku cha kuunganishia kebo za mtandao, na kila kompyuta inawagawia wenzake ilicho nacho.

Jumamosi moja alinipigia asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba upesi upesi, kisha akasema: "Mwanangu, mtandao hamna, na watoto wanaingia saa nne."

Nikamuuliza, "Intaneti ndiyo haipo, au laptopu haioni folda ya mitihani?"

"Si ni kitu kimoja?"

Ni vitu viwili, na neno letu "mtandao" limevibeba vyote kwa pamoja. Bando likiisha tunasema mtandao hamna, mnara ukisumbua tunasema mtandao hamna, panya akikata kebo darini tunasema hivyo hivyo. Lakini kompyuta zako kuonana hakuhitaji intaneti hata chembe. Bando linaweza kuisha usiku wa manane na mitihani ikaendelea kuchapwa bila shida. Na kinyume chake hutokea: video zinacheza vizuri kwenye kompyuta zote mbili, lakini moja haifungui folda ya mwenzake iliyo meza hiyo hiyo. Kwa hiyo kabla hujabonyeza kitu chochote, jiulize kipi kati ya hivyo viwili kimekufa. Kama ni intaneti peke yake, shida iko kwenye ruta au kwa anayekuuzia huduma, na maelezo yanayofuata hayakuhusu. Kama kompyuta ndizo hazionani, endelea nami, na fuata mpangilio huu: waya, anwani, kuonana, ruhusa, mwisho printa. Nimeona watu wakisakinisha Windows upya kwa sababu ya kebo iliyochomoka nusu, na inaniuma kila mara, kwa sababu mara nyingi hupoteza na picha za familia humo humo.

Taa ya tundu haiwaki

Tundu la kebo nyuma ya kompyuta huwa na taa ndogo pembeni, na swichi na ruta nazo zina taa kwa kila tundu. Kebo ikiwa nzima na vifaa vya pande zote mbili vimewashwa, taa itawaka, na itapepesa data inapopita. Isipowaka, Windows haina hatia bado.

Chomoa, chomeka tena mpaka usikie kilimi kikisema "tik". Hamishia kebo kwenye tundu jingine la swichi. Kisha chukua kebo ya kompyuta inayofanya kazi uichomeke kwenye ile inayogoma. Ugonjwa ukihama pamoja na kebo, kebo ndiyo mbovu. Ukibaki kwenye tundu lile lile la swichi, tundu limekufa, hamia jingine. Ukibaki kwenye kompyuta, basi kadi yake ya mtandao imezimwa, imekosa draiva, au imeungua, jambo la kawaida baada ya radi.

Kwa mama mdogo, kebo iliyotoka kwenye ruta ndiyo iliyokuwa kimya. Nilipanda darini na tochi ya simu. Hatua mbili kutoka ukutani niliikuta: plastiki ya nje imetafunwa kwa urefu wa kidole, jozi ya machungwa iko wazi, shaba inang'aa, na waya mmoja umekatika kama umekatwa kwa wembe. Tukavuta kebo mpya, safari hii ndani ya bomba jembamba la plastiki linalotumika kupitishia nyaya za umeme. Usilipitishe pamoja na nyaya za umeme wenyewe. Lipe njia yake.

Ukibana vichwa mwenyewe, shika kichwa kilimi kikiangalia chini, nyaya zikiingia kutoka upande wako. Kuanzia kushoto: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Fanya hivyo hivyo pande zote mbili.

Hapa pana kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya. Wanapanga rangi jozi kwa jozi: machungwa zote, kijani zote, bluu zote, kahawia zote. Pande zote zinafanana, kipimio cha kebo kinawasha taa zote nane, na kazi inaonekana imekwisha. Lakini nafasi ya 3 na ya 6 hubeba ishara moja, na lazima ziwe nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Kusokotwa huko ndiko kunakozuia kelele. Ukipanga jozi kwa jozi, nafasi ya 3 inapata kijani na ya 6 inapata bluu, nyaya ambazo hazijasokotana. Kebo ya mita mbili inaweza kukubali. Ile ya kutoka chumbani hadi sebuleni itakuwa inakatika na kurudi, na utalaumu ruta mwaka mzima. Ukiona bluu na nyeupe-bluu zimekaa katikati kabisa, kijani ikizizunguka, hapo pako sawa.

Taa inawaka, lakini kunakili faili kunachukua muda usioisha

Fungua mipangilio ya mtandao ya Windows uangalie kasi ya kiungo. Kama inasema 100 Mbps wakati kadi na swichi zote ni za gigabiti, yaani za 1000, shuku jozi ya bluu au ya kahawia. Kasi ya 100 hutumia machungwa na kijani tu, ile ya 1000 inadai jozi zote nne, kwa hiyo waya mmoja wa kahawia ukiachia, vifaa vingi hushuka kimya kimya bila kukuambia. Tofauti unaihisi: video ya GB 4 itachukua karibu dakika sita kwenye 100, na chini ya dakika moja kwenye 1000 kama diski zinaweza kwenda na kasi hiyo. Swichi ya zamani nayo inaweza kuwa ya 100 tu, soma chini yake.

Anwani inaanza na 169.254

Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig, bonyeza Enter. Tafuta mstari wa IPv4. Nyumbani unatarajia kuona kitu kama 192.168.1.20 au 192.168.0.15. Ukiona 169.254 na namba nyingine mbili, maana yake kompyuta iliomba anwani, hakuna aliyejibu, ikajipa yenyewe.

Anayegawa anwani nyumbani ni ruta, kupitia huduma ya DHCP. Baada ya umeme kukatika na kurudi, kompyuta na ruta huamka pamoja, na mara nyingine ruta huchelewa. Windows hurudia kuomba baada ya dakika chache, lakini huna haja ya kusubiri: andika ipconfig /renew. Isipojibu, angalia kebo imeingia tundu gani la ruta. Tundu moja, mara nyingi lenye rangi tofauti, ni la intaneti kuingia. Kompyuta au swichi ikichomekwa hapo, haitapata anwani.

Hata hivyo, 169.254 si ugonjwa kila wakati. Kama huna ruta kabisa na umeunganisha kompyuta mbili kwa kebo moja, zote zitajipa anwani za namna hiyo na zitaonana vizuri. Ukitaka zisibadilike, iandikie moja 192.168.10.1 na nyingine 192.168.10.2, zote na 255.255.255.0 kwenye nafasi ya "Subnet mask", na nafasi ya lango ("Default gateway") uiache wazi. Hiyo kebo maalumu ya kugeuza ambayo wazee wa kazi wanaikumbuka haihitajiki tena, kadi za gigabiti hugeuza zenyewe.

Kuna sura nyingine ya tatizo la anwani, na naiona zaidi siku hizi: kompyuta moja ina 192.168.1.20, nyingine ina 192.168.0.15. Hizo ni mitaa miwili tofauti. Mara nyingi chanzo ni ruta ya pili iliyonunuliwa ili Wi-Fi ifike chumba cha mbali, ikachomekwa ilivyo kutoka dukani, na sasa kila ruta inagawa anwani zake. Ingia kwenye ruta ya pili, ipe anwani isiyogongana na ya kwanza, kwa mfano 192.168.1.2 kama ya kwanza ni 192.168.1.1, zima DHCP yake, kisha kebo itokayo ruta ya kwanza uiingize kwenye tundu la kawaida la ruta ya pili, siyo lile la intaneti. Itabaki kuwa swichi yenye Wi-Fi, na ndicho ulichokuwa unakitaka.

Anwani nzuri, lakini hakuna jibu

Sasa tumia ping, amri ya kuita kifaa kingine uone kama kitaitika. Anza na ruta: ping 192.168.1.1, au anwani yoyote iliyoandikwa kwenye mstari wa lango. Ikijibu, waya wako na anwani yako ni vizima. Kisha ifanyie ping kompyuta ya pili kwa anwani yake.

Soma jibu neno kwa neno, usitazame idadi tu. "Request timed out" mara nyingi huwa na maana kwamba kompyuta ya pili ipo ila ukuta wake wa ulinzi (firewall) umenyamaza kwa makusudi. "Destination host unreachable" ikitanguliwa na anwani yako mwenyewe ni habari tofauti kabisa: kompyuta yako imeita mtaani, hakuna aliyeitika. Huyo amezimwa, amelala, kebo yake imekatika, au ametengwa. Na jihadhari hapo, maana chini ya majibu hayo Windows huandika kwamba pakiti zote nne zimepokelewa na iliyopotea ni sifuri. Ilichopokea ni taarifa yake yenyewe ya kushindwa.

Kutengwa nilikokutaja ni kwa Wi-Fi. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, na aliyeunganishwa humo anapata intaneti lakini haruhusiwi kuwaona wengine. Nyingine zina kipengele cha kutenga vifaa hata kwenye Wi-Fi ya kawaida, kimeandikwa "AP isolation" au jina linalofanana. Laptopu ya nyumbani ikiwa kwenye jina la wageni, mtahangaika na Windows siku nzima bure. Hamisheni.

Ping inajibu, ila kompyuta haionekani kwenye orodha

Orodha ile ya "Network" isikutishe, siyo shahidi mwaminifu. Fungua File Explorer na kwenye mstari wa juu andika \\192.168.1.20, ukiweka anwani ya kompyuta yenye folda. Folda zikifunguka, kazi imekwisha, tengeneza njia ya mkato kwenye skrini na uendelee na maisha.

Zisipofunguka, nenda kwenye kompyuta yenye folda uangalie mtandao wake umewekwa aina gani. Matoleo mengine ya Windows huuliza, na wengi hujibu bila kusoma: "Public" ni ya hotelini na mgahawani, hujificha kwa kila mtu. Nyumbani weka "Private", kisha washa ugunduzi wa mtandao na ugawaji wa faili na printa. Hatua hii peke yake imeponya karibu nusu ya nyumba nilizoitwa. Kama orodha bado tupu na unaitaka, fungua services.msc, orodha ya huduma za Windows, tafuta "Function Discovery Resource Publication", iweke ianze yenyewe.

Angalia pia majina. Kompyuta zilizotumika zikinunuliwa duka moja, fundi mara nyingi amenakili Windows moja kwenye zote, na nyumbani kwako zinafika mbili zenye jina moja. Ukiita jina, hujui ataitika nani. Zipe majina mafupi, herufi 15 au chini yake: SEBULENI, CHUMBANI.

Maelekezo mengi yanayozunguka yatakwambia uanzishe HomeGroup, njia ya zamani ya Windows ya kugawana faili nyumbani. Usiitafute, Microsoft iliiondoa kwenye Windows 10 mwaka 2018. Mengine yatakwambia uwashe SMB 1, toleo la kale la njia ambayo Windows hugawana faili, ili kompyuta ya zamani ionekane. Nakusihi usifanye hivyo. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilisambaa kupitia udhaifu wa njia hiyo hiyo, kikafunga faili za hospitali za Uingereza na za watu wa nchi nyingi. Kama una mashine ya Windows XP yenye kitu cha thamani, kitoe kwa flashi.

Inaonekana, lakini inadai jina na neno la siri na inakataa kila unachoandika

Hapa ndipo watu hukata tamaa, kwa sababu wana uhakika neno la siri ni sahihi. Kompyuta inayoulizwa ni ile yenye folda. Inataka jina na neno la siri la mtu anayejulikana kwake yeye, hata kama kwako unaingia vizuri.

Kosa la kwanza ni kuandika PIN. Zile namba nne unazofungulia Windows ni za kompyuta hiyo peke yake, hazipiti kwenye waya. Kosa la pili ni akaunti isiyo na neno la siri. Unawasha, inafunguka moja kwa moja, raha. Lakini Windows haimruhusu mtu wa namna hiyo kuingia kutoka kompyuta nyingine.

Dawa ninayoiweka kila nyumba ni hii. Kwenye kompyuta yenye folda tengeneza akaunti ya ndani, isiyofungwa na barua pepe, iite familia, ipe neno la siri ambalo wote nyumbani wanalijua. Gawa folda kwa familia. Kwenye kompyuta nyingine, likija dirisha la kuuliza, andika SEBULENI\familia na neno lile, weka tiki ya kukumbuka. Kama uliwahi kukosea na Windows ikakumbuka kosa, ingia Credential Manager, pale Windows inapotunza maneno ya siri, ufute kilichoandikwa kwa kompyuta hiyo, uanze upya.

Ikifungua folda lakini inakataa kuhifadhi, kumbuka ruhusa ziko sehemu mbili: kwenye kichupo cha kugawa na kwenye kichupo cha usalama wa folda yenyewe. Iliyo kali zaidi ndiyo inayotawala. Familia apewe haki ya kubadilisha sehemu zote mbili. Njia ya mkato ya kuzima ulinzi wa neno la siri ili yeyote aingie kama mgeni sikushauri, na Windows 11 Pro tangu toleo la 24H2 inaukataa mlango huo yenyewe.

Printa ilichapa jana, leo inasema haipo

Printa ya Wi-Fi au ya kebo ya mtandao hupewa anwani na ruta kama kifaa kingine chochote. Umeme ukikatika, inaweza kurudi na anwani nyingine, na kompyuta zinaendelea kubisha nyumba aliyohama. Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya kutunzia anwani, iwekee printa moja ya kudumu.

Printa ya USB iliyochomekwa kwenye kompyuta na kugawiwa kutoka hapo ina tabia nyingine: kompyuta ikilala, printa nayo imelala. Folda vilevile. Kwenye mashine inayowahudumia wengine, zima usingizi inapokuwa kwenye umeme. Skrini acha izimike. Na ukikutana na kosa 0x0000011b, lilianza na masasisho ya usalama ya Septemba 2021. Sasisha Windows zote mbili, inayotoa na inayopokea, kabla ya kusikiliza anayekwambia ubadili rejista (registry), mipangilio ya ndani ya Windows.

Zote zimekufa dakika moja, hata zilizokuwa nzima

Hili nimelikuta mara moja tu nyumbani, kwa mama mdogo huyo huyo, mwezi mmoja baada ya panya. Ping ya ruta inajibu mara moja kati ya kumi. Wi-Fi nayo inasuasua. Nilipoinama nyuma ya televisheni niliona taa za swichi zote zinapepesa kwa pamoja, haraka, bila kupumzika, ingawa hakuna aliyekuwa anafanya chochote.

Hesabu ya nyaya haikulingana. Vifaa vitatu, vichwa vitano. Mtoto mmoja wa tuisheni alikuwa amefagia, akaokota kichwa cha kebo kilicholala sakafuni, akakirudisha kwenye tundu lililokuwa wazi. Kichwa cha pili cha kebo hiyo kilikuwa tayari kwenye swichi ile ile. Swichi rahisi za nyumbani haziwezi kujua hilo: ujumbe unaotumwa kwa wote unatoka tundu hili, unarudi kwa lile, unatumwa tena, unazunguka mpaka nafasi yote imejaa.

Nikaichomoa ile kebo ya mduara. Taa zikatulia, zikaanza kupepesa moja moja, na printa iliyokuwa kimya tangu asubuhi ikaanza kutoa mtihani wa hisabati, nakala kumi na mbili, ukurasa baada ya ukurasa.